Picha ya Doto kwa Jina la Kulwa

Mikumi,
Jumatatu, 14 Aprili 2025.
Asubuhi manyunyu, ukungu mzito upande wa milima ya Vidunda, baridi kidogo.

Pacha wangu Doto,

Natumaini hujambo, na shemeji Shimba na mtoto hawajambo. Mama mpe shikamoo yangu, umuulize kama ile dawa ya macho bado anaitia au ameshaigawa kwa majirani. Sisi wazima. Godfrey yuko porini na wageni wa hoteli. Alex amekuwa wa pili katika jaribio la hisabati, sasa anatembea nyumbani kama mwenyekiti wa kitongoji.

Najua utacheka kwamba nimeanza na hali ya hewa. Ndivyo ninavyoanza shajara yangu kila siku na mkono umezoea.

Sasa soma ukiwa peke yako. Ningekupigia simu, lakini simu yenu anayo Shimba huko machungani, na maneno haya si ya kumpa mtu akufikishie.

Alhamisi nilipigiwa na kliniki ya Daktari Lupakisyo. Ni ile uliyokwenda Machi, ulipomleta Mama kwa ajili ya macho ukanionyesha kivimbe kwenye titi la kushoto nikakwambia chukua kadi yangu ya bima ukapime. Tulicheka siku ile. Yule dada wa mapokezi aliangalia picha kwenye kadi, akakuangalia wewe, akasema, "Karibu mama Alex, leo umependeza." Daktari akakupima kwa ultrasaundi, akakwambia ni maziwa yameganda, ukakande kwa maji ya moto. Ukarudi tukala ugali na kambare.

Kumbe pale pana mashine ya majaribio. Daktari akishapiga picha, kompyuta nayo inaiangalia kwa akili mnemba na kutoa jibu lake. Neno la mwisho ni la daktari, ila wakitofautiana picha inatumwa kwa bingwa Morogoro. Bingwa ni mmoja na picha ni nyingi. Daktari alisema maziwa, mashine ikasema siyo maziwa. Picha imekaa Morogoro zaidi ya mwezi ikisubiri zamu. Sasa bingwa amejibu: mwiteni huyo mama apimwe tena upesi.

Huyo mama, kwa karatasi zao, ni mimi.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kueleza. Nesi akanipokea mlangoni, "Pole mama Alex, usiogope," na kabla sijakaa nilikuwa nimeshavuliwa blauzi. Akaniuliza kama nimeshamwachisha mtoto. Nikasema ndiyo. Sikudanganya, Alex yuko darasa la nne. Daktari akapitisha kile kidude, akapitisha tena, akaanza kutabasamu.

"Nesi, njoo uone. Hapa kuna nini?"

"Sioni kitu, daktari."

"Hakuna kitu! Maziwa yameyeyuka, kama nilivyosema. Na mashine yenyewe leo inasema salama, imejisuta. Unaona? Ingemkata mama wa watu titi bure."

Wakacheka. Daktari akanipa mkono kama mtu aliyefunga goli. Na mimi nikacheka, Doto. Nimelala pale kifua wazi, najua ile picha ya kwanza ni ya nani, na nikacheka. Kisha nikatoka, nikapita chini ya tangazo linalosema atakayetumia kadi ya mwingine atachukuliwa hatua, yeye na mwenye kadi. Kadi ni ya kazini kwa Godfrey. Nikaendelea kutembea.

Jibu la kwanza la mashine niliona limeandikwa kwa rangi nyekundu. Sitalinakili hapa. Njoo Mikumi. Mwambie Shimba nimeugua mimi, atakuruhusu.

Barua nampa kondakta wa basi la Kilosa aifikishe kwa binamu Imelda, dukani kwake Magomeni. Yeye atapata mtu wa kuja Msowero.

Nalala saa sita na robo.
Kulwa


Msowero,
Jumapili ya Pasaka, 20/4/2025

Dada mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama amekaa hapa na ananilazimisha nisome kwa sauti kila ninachoandika. Anasema aliyetangulia kutoka ni mkubwa hata kama ametangulia kwa pumzi moja. Itikia marahaba tuendelee.

Heri ya Pasaka. Kanisani tumekwenda tumekunja sketi mpaka magotini. Mto umepita juu ya daraja, magari hayaji wala hayaendi, sukari hakuna, chumvi tunaazimana. Barua hii nampa mwalimu anayevuka kwa miguu kwenda likizo. Shimba bado yuko juu na ng'ombe. Waliingia shamba la mtu, kesi imeisha, mbuzi mmoja ameliwa na wazee wa pande zote mbili, na sasa wote ni marafiki.

Mahindi ni mazuri ukiyaona kwa mbali. Ukiyakaribia utaona nyani wameshafanya mahafali yao humo.

Brayan anatembea. Ameanzisha kichaa kipya: analikataa titi la kushoto. Nikimpa anageuza uso kama mtu aliyerambishwa shubiri. Mama anasema watoto wa kiume wanachagua tangu wadogo. Basi namnyonyesha la kulia peke yake, natembea nimeinama upande kama gunia lililofungwa na mlevi.

Ule uvimbe nilikanda kama nilivyoambiwa.

Hujaniandikia tangu Machi. Umenisahau, au shajara imekunywa wino wote? Mama anasema ile dawa ya macho tuliyotoka nayo kwako ilimwagika. Haikumwagika, alimpa mama mchungaji.

Msalimie shemeji na Alex.

Mdogo wako wa pumzi moja,
Doto


Mikumi,
Jumatatu, 5 Mei 2025.
Asubuhi kumekauka, upepo kidogo, mawingu ya juu yasiyo na mvua.

Doto,

Marahaba. Mama shikamoo. Salamu nyingine nimezifupisha, utanisamehe.

Nimeisoma barua yako nimesimama uwanjani, nikakaa chini palepale kwenye vumbi mpaka jirani yangu Mwamvua akaja kuniuliza kama nimefiwa. Hujaipata yangu. Nilidhani umeipata na unafikiri. Nimempigia Imelda, nikamwuliza iko wapi barua niliyompa kondakta. Akasema, "Iko kwenye droo, dada, pamoja na viberiti. Njia ilifungwa. Ulitaka niipeleke nikiogelea?"

Droo, Doto. Barua ile imelala na viberiti wakati mtoto anageuza uso.

Leo njia imefunguka na Imelda ataleta zote mbili kwa mkono wake. Soma kwanza ile ya Aprili, halafu hii.

Nilimwuliza nesi, nikijifanya naulizia jirani, kwa nini mtoto akatae titi moja. Akasema sababu ni nyingi na nyingine ni za kawaida. Nikasema, na kama kulikuwa na uvimbe hapohapo? Aliacha alichokuwa anafanya. Akasema, "Huyo jirani yako aje leo, asingoje kesho."

Katika barua ya kwanza nilikwepa kuandika mashine ilisema nini. Nakuandikia sasa. Ilisema inashuku saratani, tena shuku kubwa. Si hakika, ni shuku, na anayeweza kuthibitisha ni wale wanaochukua kinyama na kukipima. Lakini hawawezi kukichukua kwenye mwili wa Kulwa.

Mashine yenyewe imerudishwa kwenye boksi lake. Daktari Lupakisyo alikwenda kwenye mkutano wa mradi Morogoro, akawasimulia habari ya mama mmoja wa Mikumi aliyetishiwa bure, na wamekubaliana kwamba isipelekwe vituo vingine mpaka ichunguzwe upya. Nesi alinisimulia hayo kwa furaha. Alidhani ananipa habari njema.

Njoo, Doto. Njoo kabla ya Jumamosi.

Saa ya kulala: saa nane kasorobo usiku.
Kulwa


Msowero,
13/5/2025

Dada,

Imelda ameleta barua zako na kilo mbili za sukari. Mama hajambo, anasema marahaba. Brayan hajambo. Mimi sijambo.

Nilizisoma nyuma ya zizi. Nikakaa mpaka Mama akanifuata, akaziona karatasi mkononi, nikamweleza yote. Unajua alivyosema? Alicheka. Alipiga makofi kabisa. Akasema, "Si wamempima Kulwa? Wamekuta nini?" Nikasema hawakukuta kitu. "Basi hakuna kitu."

Usinune. Fikiri kidogo. Sisi ni mabasa, mapacha. Ukiugua malaria wewe, dawa nilikuwa nanyweshwa na mimi. Uliponyolewa kwa ajili ya mba, nilinyolewa mimi niliyekuwa na nywele nzuri. Mwalimu akikuchapa wewe, Mama alikuwa ananifinya mimi tukifika nyumbani ili tulingane. Tumetoka kwenye yai moja, kadi moja imetutosha, sura moja imewatosha mapokezi. Leo umelala kitandani kwao, wamekutazama ndani, wewe ni mzima. Mama anasema umepimwa kwa niaba yetu wote wawili. Na mimi nimeamua kumsikiliza Mama.

Halafu, daktari mwenyewe aliyenishika kwa mikono yake alisema ni maziwa. Mashine haina mikono. Haijawahi kunyonya wala kunyonyesha. Na hata wenyewe wameirudisha kwenye boksi.

Jambo jingine nikuulize. Umeandika njoo, njoo, njoo. Ukitoka Mikumi asubuhi mchana uko Kilosa, na jioni tunakula wote hapa. Miguu yako ina nini?

Mahindi tunavuna mwezi ujao. Siwezi kuondoka.

Doto


Mikumi,
Jumatatu, 26 Mei 2025.
Asubuhi baridi kali, umande mwingi, jua limechelewa.

Doto, mdogo wangu,

Wote wazima huku, isipokuwa Godfrey hasemi na mimi. Nitaeleza.

Uliuliza miguu yangu ina nini. Miguu ni mizima. Niliogopa kukuangalia usoni, kwa sababu ni uso wangu. Kwenye barua naweza kuchagua maneno, mbele yako siwezi. Hiyo ndiyo sababu na haina heshima yoyote.

Ijumaa nilikuwa kibarazani kwa Mwamvua tunachambua mchele, wanawake sita au saba. Nesi akapita, akamwambia Mwamvua kwamba bingwa ameijibu na picha yake ya Machi, ina shaka, arudi apimwe. Mwamvua hata hakuinua macho kwenye ungo.

"Nikafanyweje? Si walimwita mama Alex, wakamvua nguo, wakamkuta mzima? Kompyuta hizo mimi hazinijui."

"Ni vizuri tu uhakikishe, Mwamvua."

"Mwulize huyo hapo! Mama Alex, waambie. Walikukuta na nini?"

Wote wakanigeukia wanacheka. Nesi naye akaningoja niseme. Doto, nimekaa miezi hii nadhani siri hii ina watu watatu, mimi, wewe na Mama. Kumbe imeshatoka nje, inakwenda nyumba kwa nyumba, inawaambia wanawake wa Mikumi wasirudi kupimwa, na inatumia jina langu. Nikasema nimeingiwa na vumbi machoni. Nikaenda nyumbani.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Daktari Lupakisyo. Alinipokea vizuri, mimi si ndiye ushindi wake?

"Daktari, ile picha ya Machi siyo yangu."

"Ipi?"

"Iliyobishaniwa. Ni ya pacha wangu. Alikuja na kadi yangu."

Akacheka, akadhani natania. Halafu akaacha. Alivua miwani akaishika mkononi muda mrefu, na mimi nikawa naangalia kalenda ukutani kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye.

"Una pacha."

"Ndiyo."

"Mnafanana hivi."

"Ndiyo, daktari."

"Na yuko wapi?"

"Msowero. Anangoja kuvuna mahindi."

Nilijiandaa afoke juu ya kadi. Hakuitaja. Alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Kisha akasema, "Mimi nimesimama mbele ya watu nikawaambia mashine hii haijui kitu. Nikawatolea mfano. Mfano ni wewe." "Mimi ndiye niliyemwambia akakande kwa maji ya moto."

Nilimweleza maneno ya Mama, kwamba nimepimwa kwa niaba yetu wote. Sikumweleza ili acheke, na hakucheka. Alisema pacha wa kufanana wa mtu mwenye ugonjwa huu naye anatakiwa kufuatiliwa kwa karibu kuliko mtu mwingine. Basi mwambie Mama kwamba kuna mahali hakukosea. Uzima wangu haukusaidii wewe. Lakini ukiumwa wewe, jambo hilo linanihusu na mimi mpaka mwisho.

Akasema uje, ila kwa jina lako. Kwa jina langu hatakupima tena hata ukifika unatambaa.

Kadi imezuiwa, na taarifa imekwenda kazini kwa Godfrey. Nimemweleza mwenyewe kabla hawajamweleza. Hakunipigia kelele. Amekwenda nje kuosha gari ambalo aliliosha jana.

Jumamosi nakuja Msowero. Siandiki njoo tena.

Sijui nitalala saa ngapi. Ni saa tisa sasa.
Kulwa


Kilosa, Magomeni, kwa Imelda
Alhamisi, 29/5/2025
Asubuhi jua, hakuna wingu hata moja. (Nimekuandikia hali ya hewa, ufurahi.)

Dada,

Imelda hajambo, watoto wake hawajambo, wanakusalimu. Mama yuko Msowero na Brayan. Barua yako ya Jumatatu nimeikuta hapa dukani, safari hii haikuwa na viberiti.

Usiende Msowero. Mimi niko hapa tangu jana. Shimba ndiye aliyenileta kwa pikipiki.

Alirudi na ng'ombe Jumapili. Nilikuwa naoga, akaingia kuchukua ndoo, akasimama. "Hii ngozi imekuwaje?" Nikasema ni joto. Alikuja karibu akaangalia. Titi limekunjamana kwa chini, Kulwa, lina vitobo kama ganda la chungwa. Sikukuandikia. Nilikuwa navaa gizani nisilione.

Akasema, "Ng'ombe wangu akiwa na kiwele namna hii, simwachi usiku mmoja zizini. Wewe umelala nacho tangu lini?"

Nikamwambia. Na wewe nakwambia. Tangu mavuno ya mwaka jana. Machi nilipokuja kwako hakikuwa kipya, na sikumleta Mama kwa ajili ya macho. Nilimtumia Mama na macho yake kama kisingizio, ili wewe ukiuliza uone ni jambo dogo tu limejitokeza njiani. Daktari aliposema maziwa, nilifurahi mpaka nikala ule ugali wote. Unakumbuka nilikula na wako.

Shimba nilidhani atapiga kelele juu ya kadi. Alichouliza ni, "Mama Alex alikubali kuvuliwa nguo badala yako?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Nyie watu wawili mna kichwa kimoja, na hicho kimoja hakifanyi kazi."

Hospitalini jana wameandika jina langu, Doto Pastory. Nilivyolisikia likiitwa kwenye benchi sikusimama. Wakaliita tena. Nilishazoea kuwa wewe.

Daktari wa hapa ni kijana. Aliniuliza kama nimewahi kupigwa picha. Nikasema sijawahi. Akasema bahati mbaya, angekuwa na picha ya nyuma angejua kitu hiki kinakwenda kwa kasi gani. Nikanyamaza pale, Kulwa. Picha ipo. Ila kwa karatasi zao mwenye picha ni mama Alex wa Mikumi, na yeye ni mzima.

Njoo Jumamosi hapa Magomeni, uje nayo. Mwambie Daktari Lupakisyo aandike jina langu juu yake. Nimepewa rufaa ya Morogoro Jumatatu.

Naogopa sana. Sikutaka kuliandika hilo lakini kalamu imeshaliandika.

Doto


Mikumi,
Jumatano, 16 Julai 2025.
Asubuhi baridi, anga safi, moshi wa nyasi kutoka upande wa mbugani.

Pacha wangu Doto,

Nimefurahi kwamba Shimba amefika salama huko Dar es Salaam na amepata pa kulala karibu na hospitali waliyokuhamishia kutoka Morogoro. Mama anakusalimu. Sasa yuko hapa kwangu na Brayan, na ameshagombana na jogoo wa Mwamvua. Alex anakusalimu. Godfrey anakusalimu pia, kwa mdomo wake mwenyewe. Kazini alipewa onyo la maandishi na tutakaa bila bima mpaka mwakani. Alikaa wiki nyingi akiongea na mimi kupitia Alex, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Juzi alisahau akaniambia mwenyewe.

Sijakueleza siku ile nilipokwenda kuchukua picha, kwa sababu tulipokutana Magomeni hatukuongea, tulilia tu na Imelda akafunga duka. Daktari Lupakisyo aliifungua kwenye kompyuta. Juu yake pameandikwa jina langu. Nilimwona akilifuta herufi moja moja, akaandika lako. Basi. Kitu kidogo hivyo. Nilitegemea kingekuwa kigumu zaidi.

Na ulipopita hapa Juni na bahasha ya majibu ya Morogoro yaliyothibitisha ile shuku, aliweka picha mbili kwenye kioo, ya Machi na ile mpya. Wewe ulikuwa nje na Shimba. Mimi niliona. Ile ya Machi ilikuwa kama punje ya harage. Sitakuandikia ya Juni ilikuwa kama nini. Daktari aliangalia, halafu akamwambia nesi alete lile boksi la mashine.

Mashine imerudi mezani tangu mwisho wa Juni. Daktari aliwaita wanawake, akasimama mbele yetu. Hakututaja. Alisema, "Mlisikia kwamba ilimtisha mama mzima. Siyo kweli. Iliona kitu ambacho mimi sikukiona. Nimeshaandika kwa wakubwa kurekebisha." Kisha akasema wakubwa wamejibu kwamba watalijadili kikao kijacho, na kikao kijacho ni Oktoba. Wanawake wakaguna. Mwamvua akauliza, "Na vivimbe navyo vimealikwa Oktoba?" Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Lakini alikwenda kupimwa. Nilimsindikiza mwenyewe baada ya kumweleza yote, na njia nzima hakunijibu. Wakachukua kinyama. Majibu yametoka jana: hana kitu, ni uvimbe usio na madhara. Kwake mashine ilikosea kweli. Nilimwuliza daktari sasa tuiamini vipi. Akakuna kichwa akasema, "Mama Alex, ndiyo maana mambo haya yanakwenda polepole. Ila nimejifunza kutoshangilia." Mwamvua amenisemesha jana jioni. Alisema, "Bora nimejua," halafu akaniomba ungo.

Mimi nimepimwa kwa jina langu. Daktari amesema salama na mashine imesema salama. Nitarudi kila baada ya muda aliopanga, mpaka nizeeke.

Brayan hajambo. Siku za kwanza alinishangaa. Sasa ananifuata kila mahali na kuniita mama. Jioni akisinzia anapanda mapajani, ananifungua kifungo, anatazama kifua changu upande wa kulia tu. Wa kushoto hajaribu. Nampa uji.

Shimba amepiga simu leo mchana. Amesema unaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi na umeambiwa usile wala usinywe tangu jioni. Nilifanya kosa la kurudia maneno hayo kwa sauti mbele ya Mama. Nilipokwenda kupakua chakula nikakuta sahani yangu haipo. Nikamwuliza iko wapi. Hakugeuka. Alikuwa anamlisha Brayan.

"Mwenzio anakula?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Nilitaka kumbishia, nimweleze yai moja, nimweleze daktari alivyosema. Nikaacha. Nimemimina na maji yangu ya kunywa kwenye mtungi. Godfrey na Alex wamekula wakiniangalia.

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshaamka. Mwambie nesi akupe maji, halafu mwambie Shimba anipigie hata kama ni usiku, ili na mimi ninywe.

Nalala saa nne na nusu, sijala.
Kulwa